Bahari ya Lamu mu kinywa cha Wamaza

Katika ushairi neno bahari liko na maana mbili. Kuna ile mayi ya chumvi, na kuna aina ya shairi: utenzi ni bahari, shairi la mizani 16 ni bahari. Maana hii ya pili imetoka kwa Waarabu. Al-Khalil bin Ahmad, mtaalamu wa Basra wa karne ya 8, njo alizipanga bahari 15, mwingine akaongeza ya 16. Wao walipima silabi ndefu na fupi. Waswahili walichukua jina, kipimo hicho wakakiacha, wakahesabu silabi tu.

Ninaleta maneno haya ju kila mara nikiuliza vijana wenye diploma, hapa Wamaza mpaka Kasongo na Kabambare, kwa nini hawaandiki mashairi ya mizani, jibu ni moja: Kiswahili chetu ni cha kuvunjika, mashairi ni ya watu wa pwani. Nimechukua shairi la pwani kabisa, tulipime na kinywa chetu tuone.

Ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa upande wa Pate na Lamu. Ina beti zaidi ya 70, na wataalamu wengi wanaiweka mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anasemesha moyo wake mwenyewe: acha kudanganywa na dunia, angalia Pate ilivyoanguka. Kuna ubeti mmoja ambamo anaifananisha dunia na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, na anayeipanda kama chombo hapati kitu ila hasara.

Hesabuni kwa vidole, kama tulivyohesabu shuleni silabi 12 za Lamartine katika « Le Lac ». Utapata mizani 11: sita, halafu pumziko, halafu tano. Alexandrin ya Kifaransa inagawanyika sita kwa sita, imetulia kama meza. Hii ya Lamu inachechemea. Kipande cha pili kinakosa silabi moja, na mwenye kusoma kwa sauti anavutwa kwenda mshororo unaofuata mbele hajapumua vizuri. Kwa ubeti wa mawimbi ninaona inafaa sana, hata kama shairi zima linatumia kipimo hicho hicho.

Vina sasa. Mishororo mitatu ya kwanza inaishia na -si, sauti ya povu kwenye mchanga. Wa nne unaiacha, unaishia na -ye. Na -ye hiyo inarudi kwenye kiishio cha ubeti baada ya ubeti. Vina vingine vinabadilika, yeye anabaki. Mara nyingi ni mwisho wa kitenzi cha zamani cha Kiamu, chenye kusema kwamba jambo limekwisha kutendeka. Kwa hiyo kila ubeti unafungwa na mlango ule ule: imekwisha. Ukifika mwishoni, pale anapouliza wakubwa wa Pate wako wapi, sikio lako lilishajibu zamani. Tena katika ubeti wa bahari, mshororo wa nne unarudia mzizi wa neno hasara mara mbili, wimbi juu ya wimbi.

Lakini kitu ninachopenda kuliko vyote ni kwamba bahari haidumu. Ubeti unaofuata, dunia ni kisima, na ndama mwenye pembe anakuzuia kunywa. Halafu ni vumbi ndani ya mwanga wa jua, ukilishika mkono unabaki mtupu. Halafu ni mazigazi: mwenye kiu anakimbia akifikiri ameona mayi. Bahari, kisima, vumbi, mayi ya uongo. Mayi yanapungua mpaka yanaisha, huku mizani ni zile zile 11 na -ye ni ile ile. Mshairi hakuhitaji kutuambia kwamba dunia inakauka.

Sasa kinywa chetu. Sisi tunasema mutu, muti, inchi, ine. Wa pwani wanasema mtu, mti, nchi, nne. Hesabuni: mbili kwa mbili, kila neno! Ile m ya pwani ni silabi kamili, sema tu imejificha, na sisi njo tunaitoa nje isikike. Mwanafunzi wa Wamaza hawezi kukosa mizani hapo. Na tunapochekwa kwa kusema mayi, tukumbuke kwamba Kiamu cha shairi hili kinasema mai, bila j. (Kwetu neno hilo limebebeshwa bunduki, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Kuna mahali tunapoteza. Juu ni silabi mbili, ju yetu ni moja. Ndio ni mbili, njo ni moja. Mwenye kuandika achague, kisha asigeuze katikati ya shairi.

Vina njo vigumu zaidi. Wengi wetu tunatamka dh kama z, th kama s, gh kama g. Kwetu radhi na kazi zinaishia sauti moja. Kwa mutu wa Lamu hakuna kina pale. Wengine watasema tujifunze kwanza dh. Mimi sikubali. Kina ni kitu cha sikio, na sikio la kwanza la shairi la Wamaza liko Wamaza, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Sayyid Abdallah mwenyewe aliandika kwa Kiamu cha kwao, na leo wa bara ndio wanaotafuta maelezo ya maneno yake.

Ninangoja mutu wa kwanza atuletee beti nne juu ya Lualaba, mizani 11, sita na tano, kwa Kiswahili cha hapa. Nitazihesabu kwa vidole, moja moja.