Posho ya Mpagazi

Neno posho limehama. Ukilitaja leo mjini Tabora, msikilizaji anafikiria fedha anayopewa ofisa kwa kuketi kikaoni. Katika njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu Unyanyembe hadi Ujiji, posho ilikuwa kibaba cha nafaka alichopewa mpagazi kwa siku, ili kesho yake aweze kusimama tena na mzigo. Neno limetoka kwa abebaye likaenda kwa aketiye, na sijasikia mtu akishangaa. Naanza nalo kwa kuwa hoja yangu yote imo humo: kila starehe ina mtu anayeibeba, nasi tumekuwa hodari wa kutomwona.

Mzigo wa kawaida wa merikani au shanga ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32. Burton na Speke walipoingia Kazeh, Novemba 1857, ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Chai yao, sukari, vitabu, vitanda na hema, vyote vilikuja kichwani au begani mwa mtu, ila kile kidogo kilichopandishwa punda. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Kijana asiyewahi kufika pwani alihesabiwa bado mtoto. Wanawake nao walikuwamo, na vyungu vyao, ingawa masimulizi huwasahau. Na katika njia hiyo hiyo walipita watumwa waliofungwa, ambao hakuna aliyewauliza hiari yao. Kwa hiyo sizisifu zama zile hata kidogo. Nasema tu kwamba mwenye starehe aliliona jasho lililoileta. Mpagazi akiugua, mzigo ulilala chini. Akitoroka usiku, au wenzake wakigoma kwa ajili ya posho, bwana mkubwa alikaa hapo hapo alipo hadi mambo yatengenezwe.

Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, ukaitazame nyumba ya tembe inayohifadhi kumbukumbu ya Livingstone. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, akarudi na mzee huyo mwanzoni mwa 1872. Stanley alipoondoka mwezi Machi kwenda pwani, Livingstone alibaki hadi Agosti akingojea watu wa kumbebea vitu vyake. Mtu mashuhuri kuliko wote wa safari zile alikaa miezi mitano akingoja mabega! Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la nyumba ile, na ndilo ambalo mgeni haondoki nalo. Anaondoka na barua, ramani na jina la mtu mmoja. Mwaka uliofuata Livingstone alifariki, na Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakapita hapa hapa Unyanyembe. Ningekuwa na kauli, ningeweka mlangoni mzigo wa frasila mbili, kila mgeni ajitwishe na kuuzunguka ua mara moja kabla hajaonyeshwa barua yoyote.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya kuijenga. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na hakuna mwenye akili atakayelilia ile ya miguu.

Kisha yakaja maji. Kwa miaka mingi mji uliishi kwa mabwawa ya Igombe na Kazima, pamoja na visima. Mwaka 2021 ukazinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, uliojengwa kwa mkopo kutoka India. Mkopo, ndugu msomaji. Afunguaye koki halisikii neno hilo, lakini wapo watakaoubeba, na wengine bado wako mgongoni mwa mama zao.

Mtaani kwetu palikuwa na kisima kilichosafishwa kwa zamu. Mabomba yalipofika, zamu zikafa. Mfuniko ukaibwa, na wenye taka wakaona wamepata shimo. Siku bomba lilipopasuka, tulikaa siku tatu tukimtukana mtu tusiyemjua, na katika nyumba nane nilizopita hakukuwa na hata moja yenye kamba. Nilipokuwa nakisifu kisima kile barazani, jirani yangu, mama wa makamo, alinikatiza: "Baba, wewe uliteka lini?" Swali la haki kabisa. Wasifuo visima kwa kawaida ni wale walioletewa maji. Wala sidai turudi kwenye ndoo. Bomba lilituondolea kazi, na hiyo ni neema. Lakini zamu tuliitupa wenyewe, tena bila kikao. Sasa koki ya shule ikivuja, watoto mia wanairuka, na mwalimu naye anairuka.

Na mpagazi hajaisha. Mtazame mwenye baiskeli anayeingia mjini alfajiri na magunia ya mkaa yaliyompita kimo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Jambo jema. Hadi hapo, majiko yetu mengi yanakula miombo ile ile inayochomwa kukaushia tumbaku ya Urambo na Kaliua, na mtu wa kutuletea ni huyo.

Nimemsikia mwenzangu mmoja, aliyetoka kikaoni na posho yake mfukoni, akimbana mwenye baiskeli apunguze shilingi 1,000 kwa gunia. Yule kijana alijibu bila ukali kwamba zamani miti ilikuwa karibu; sasa anaondoka porini saa nane za usiku ili jua lisimkute njiani. Mwenzangu akasema, "Hayo ya porini si yangu." Akapunguziwa.