Bodi Mpya, Mashine Ileile

Bodi kuu ya kompyuta mpakato ikifa, mara nyingi haifi yote. Umeme hukatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza saketi ya chaji. Au chai humwagika juu ya kibodi, ikachuruzika hadi chini. Kinachoharibika ni njia za umeme. Lakini pembeni mwa bodi hiyohiyo, chipu yenye miguu 8, isiyozidi punje ya hindi kwa ukubwa, huwa bado nzima na kumbukumbu zake zote. Humo mna BIOS, na ndani ya BIOS mna maelezo machache yanayoitenga mashine hii na maelfu zilizotoka nayo kiwandani: namba ya mfululizo, namba ya bidhaa, UUID na, kwa nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows 8 au za baada yake, ufunguo wa Windows wenyewe. Ukiyaandika yote kwa mkono hayajazi ukurasa. Fundi mahiri huanzia hapo, kabla hajafungua mfuko wa bodi mpya.

Kubadilisha bodi kwenyewe si ajabu. Ni bisibisi, subira, na kukumbuka kwamba skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi itatoboa kava upande wa pili. Kijana mwenye mkono mtulivu atajifunza. Mashine itawaka, mteja atafurahi, na matatizo yataanza wiki ijayo. Windows itadai kuhalalishwa upya, kwa kuwa kwake bodi mpya ni kompyuta mpya. Mtu wa stoo atalinganisha lebo ya chini na rejista ya mali, kisha na namba inayoonekana kwenye skrini, akute ni vitu viwili tofauti. Programu ya ofisi inayosimamia mashine zote itaiona ngeni na kuifungia mlango. Na ikiibwa, namba iliyoandikwa polisi haitafanana na ile ambayo mashine yenyewe inajitajia.

Chukua EliteBook za HP, ambazo zimezagaa maofisini kwetu na kwenye maduka ya mitumba ya Kariakoo. Lebo yake ina namba ya mfululizo yenye herufi na tarakimu 10. Ina pia namba ya bidhaa, na mara nyingi mkia wake husomeka #ABU, maana yake iliandaliwa kwa soko la Uingereza; ndiyo sababu kibodi yake ina alama ya pauni juu ya 3. Bodi ya akiba kutoka kwa HP huja ikiwa wazi, katika hali ya kiwandani, ikisubiri kujazwa maelezo hayo. Fundi huyajaza, huyakagua, kisha huifunga hali hiyo. Dell nao wana mtindo wao: bodi tupu ikiwashwa mara ya kwanza huuliza namba ya huduma yenye herufi na tarakimu 7, na ukishaithibitisha, huna njia ya kawaida ya kuibadilisha. Ukiandika O mahali pa sifuri, umejipalia makaa.

Ila mafundi wetu wachache hupata bodi za akiba kutoka kiwandani. Wengi wanachopata ni bodi iliyochomolewa kwenye mashine nyingine iliyovunjika kioo, nayo ina jina lake tayari. Hapa ndipo ninapowavulia kofia.

Kwanza huisoma chipu ya zamani, na kuisoma kuna adabu yake. Huipima kwanza, kwa sababu nyingi hutumia volti 3.3 lakini mashine za karibuni zina za volti 1.8, na ukiilisha ya pili umeme wa ya kwanza unaweza kuiua. Kile kifaa cha kusomea chipu, CH341A cha bei poa, ambacho kila fundi anacho, kina matoleo yanayopeleka volti 5 kwenye nyaya za data huku yakidai ni 3.3; wenye kujali hukirekebisha kabla ya kukiamini. Kibanio kikishikishwa chipu ikiwa bado kwenye bodi, umeme huvuja kwenda sehemu nyingine na usomaji huja na makosa. Kwa hiyo husoma mara mbili, mara tatu, na kulinganisha mafaili yote. Yakipishana hata baiti moja, hayatumii. Huwasha bloa, akainyanyua chipu, akasoma upya.

Asiye fundi angedhani sasa ni kunakili tu: chukua megabaiti 16 za zamani, zimwage kwenye chipu mpya. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini ndani ya chipu hiyo mna pia programu ya Intel inayoitwa ME, ambayo ikishawashwa hujifunga na chipu kubwa za bodi yake. Ukiihamisha kama ilivyo, bodi mpya inaweza kuchelewa kuwaka, feni ikapiga kelele bila sababu, au mashine ikajizima baada ya dakika 30, kila mara dakika 30, mpaka mteja aanze kusingizia betri. Fundi huweka ME safi, isiyowahi kuwashwa. Huacha kwenye bodi mpya vipimo vilivyo vya bodi mpya. Huhamisha tu kile kilicho cha mashine na mwenyewe. Uamuzi huo wa kujua cha kubeba na cha kuacha ndio ufundi. Mkono unaolehemu bila kutikisika ni msaidizi wake.

UUID peke yake inatosha kumpima mtu. Ni tarakimu 32, na sehemu zake tatu za mwanzo huhifadhiwa kinyumenyume: skrini ikionyesha 00112233, ndani ya chipu utakuta 33 22 11 00. Zipo programu za zamani zisizofuata kanuni hiyo, zikaonyesha namba moja kwa sura mbili. Mwenye haraka huona hitilafu pasipo hitilafu, akaisahihisha, akaiharibu.

Kuna kitu kisichohamishika kabisa, nacho ni TPM, sehemu inayotunza funguo za siri, zikiwemo za diski iliyofungwa. Funguo zake hubaki na silikoni iliyozizaa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja, kabla hata ya bei, ni hili: "Dada, diski umeifunga kwa BitLocker? Ule ufunguo wa tarakimu 48 unao?" Mteja akisema hajui ni kitu gani, fundi mwema humsaidia kuutafuta kwenye akaunti yake kwanza. Mwingine hufunga bodi, akaona skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo, na kumwambia mteja kwamba mafaili "yameliwa na virusi".

Ujuzi huuhuu unaweza kuivisha mashine ya wizi jina la mashine halali, na sitaki kujifanya jambo hilo halipo. Mafundi ninaowasifu wana kipimo rahisi: namba wanayoiandika lazima iwe ile iliyosomwa kwenye bodi ya zamani, na lazima ilingane na lebo ya kava. Hakuna bodi ya zamani, lebo imekwanguliwa? Hawaigusi, hata ukiongeza bei.

Kazi ikiisha huzima mashine kabisa, huchomoa betri na chaji, huwasha tena na kusoma namba zote upya, kwa sababu kilichoandikwa vibaya mara nyingi hujitokeza baada ya kuwashwa kwa mara ya pili. Kisha humrudishia mteja bodi iliyokufa. Wengi huikataa, wanasema ni uchafu. Fundi husisitiza, au huichomoa ile chipu mbele ya mteja, maana jina la mashine na ufunguo wa Windows bado vimo humo, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kila jioni.