Impreza Nje, S4 Ndani: Hesabu ya Kubadilisha Gari Mombasa

Mwenye Subaru Impreza WRX ya 2003 akichoka nalo na kutamani sedani mpya zaidi ya kasi, tuseme WRX S4 ya 2019, mara nyingi huingia yadi na swali moja: "Niwaachie hili, niongeze ngapi?" Swali lenyewe lina kasoro. Ndani yake mna biashara mbili, kuuza na kununua, na muuzaji anapozijibu kwa nambari moja, mteja hajui alipoteza wapi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba gari kuukuu la wapenzi na sedani iliyoshuka melini juzi hayauzwi katika soko moja. Mkazi wa kisiwa cha Mombasa, aliye karibu na bandari ya Kilindini kuliko mnunuzi yeyote wa bara, ana kila sababu ya kuyatumia masoko yote mawili, moja baada ya jingine.

Sheria ndiyo inayoshikilia bei

Jina la Subaru nchini Kenya lilijengwa na Safari Rally. Dereva Patrick Njiru alilifanya litajwe majumbani miaka ya 1990, Colin McRae akashinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza pia. Lakini sifa peke yake haiwezi kulinda bei ya gari kwa miaka zaidi ya ishirini. Kinachoilinda ni kanuni ya umri. Kiwango cha KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), hakiruhusu gari lililotumika liingie nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Hesabu huenda kwa mwaka mzima: tangu Januari 2026, linalokubaliwa ni lililosajiliwa 2019 au baadaye.

Impreza ya kizazi cha GD, kama hiyo ya 2003, iliuzwa Japani kuanzia 2000 hadi 2007. Kwa kanuni hiyo, ya mwisho kabisa iliweza kupita bandarini hadi mwisho wa 2014. Tangu hapo hakuna nyingine inayoingia. Kila inayogongwa au kufunguliwa ikauzwa vipande inapunguza idadi ambayo haijazwi tena. Injini si shida: EJ20 zilizotumika zinaletwa kutoka Japani na wauza spea. Shida ni bodi. Bodi nzima, iliyonyooka, isiyo na kutu, ndicho kitu ambacho pesa haiwezi kuagiza tena.

Kanuni hiyohiyo inalifuata gari jipya. S4 ya kizazi cha VAG, iliyoanza kuuzwa Japani 2014, ilifuatwa na kizazi kipya mwishoni mwa 2021, kwa hiyo zilizosajiliwa mwaka huo zitaendelea kukubaliwa hadi mwisho wa 2028. Ndugu yake, WRX STI yenye gia za mkono na injini ya EJ20, ilifungiwa maagizo Desemba 2019, Subaru ilipoaga injini hiyo kwa toleo la magari 555. Zilizosajiliwa 2019 zinakubaliwa hadi mwisho wa 2026, na za 2020 hadi mwisho wa 2027. Anayetaka STI ana saa inayohesabu, anayetaka S4 bado ana nafasi ya kuchagua.

Chumvi inaamua uko soko gani

Ikiwa thamani ya Impreza kuukuu iko kwenye bodi, basi kisiwa ni mahali pabaya pa kuitunza. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kabla ya gari. Kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni hakuna gereji chini ya nyumba, na magari ya wakazi wengi hulala nje, karibu na maji, yakipigwa na unyevu wenye chumvi msimu wa kaskazi na wa kusi. Tena maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Anayeoshea gari maji ya kisima kila wiki, bila kulisuuza kwa maji baridi, analipaka chumvi akidhani analisafisha.

Kutu ya Impreza za aina hii ina mahali pake: matao ya magurudumu ya nyuma, vizingiti vya milango, sehemu za juu zinazoshika shokabzoba, na fremu ndogo inayobeba mikono ya magurudumu. Kabla ya kutaja bei, mwenye gari alipandishe kwenye lifti, agonge vizingiti kwa mpini wa bisibisi, na apitishe sumaku kwenye matao. Pale sumaku isiposhika, chini ya rangi kuna filla wala si bati. Kipimo hicho kinaamua kila kitu kitakachofuata. Bodi ikiwa nzima, gari ni la mpenzi wa Subaru, ambaye huenda yuko Nairobi au Eldoret na yuko tayari kusafiri. Vizingiti vikiwa vimeoza, mpenzi hatalitaka, na thamani yake iliyobaki ni ya spea. Hapo hata bei ndogo ya yadi inaweza kuwa nzuri.

Injini nayo ipimwe kabla mnunuzi hajaomba. Kipimo cha presha ya kila silinda, kikiandikwa kwenye karatasi ya gereji, huondoa ubishi mwingi. Udhaifu unaojulikana wa EJ20 yenye tabo ni kuvunjika kwa kingo za pistoni zinazoshika ringi, hasa injini inapogonga kwa sababu ya petroli hafifu na joto. WRX za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu, karibu 100, na ile ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ongeza foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana. Intakula ya gari hili, yaani kipozeo cha hewa ya tabo, iko juu ya injini, kwa hiyo gari lililosimama huipasha moto badala ya kuipoza. Silinda moja ikisoma chini sana kuliko wenzake, usimfiche mnunuzi. Punguza bei kwa kiasi cha gharama ya matengenezo, umwoneshe hesabu.

Nambari moja inayosema kweli

Sasa yadi. Nambari hizi ni za mfano. Muuzaji anasema S4 ni shilingi 3,000,000, anakukadiria Impreza 900,000, uongeze 2,100,000. Unafurahi kwa sababu umepewa bei ya heshima. Kesho yake mtume rafiki aulize S4 hiyohiyo kwa pesa taslimu, bila kubadilishana. Akiambiwa 2,800,000, umejua ukweli: Impreza yako imechukuliwa kwa 700,000. Zile 200,000 ziliongezwa kwenye bei ya gari jipya, kisha ukarudishiwa wewe zikiitwa ukarimu.

Kwa hiyo usibishane juu ya thamani ya gari lako yadi. Bishana juu ya nyongeza, ukiwa tayari umeshajua bei ya taslimu. Na kabla ya kukubali, pata bei ya mpenzi. Kama kuna mtu atakayelichukua kwa 1,000,000, tofauti kati yake na yadi ni 300,000, nayo ndiyo gharama ya kumaliza shughuli siku moja. Wapo ambao kwao siku hiyo moja inafaa pesa hizo. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba wanazilipa.

Ndani ya bei ya S4 kuna nini

Ili ujue yadi inaweza kushuka kiasi gani, lazima ujue imelipa nini forodhani. Mamlaka ya Mapato (KRA) haifuati bei uliyolipa Japani. Huanza na orodha yake ya bei za rejareja, ikapunguza kwa umri wa gari, ndipo ikapata thamani ya forodha. Chukua thamani ya 1,000,000. Ushuru wa kuingiza, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 35, ni 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya sisi (cc) 1,500 ni asilimia 25 ya 1,350,000, yaani 337,500. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya jumla hiyo yote, 1,687,500, ikawa 270,000. Ada ya tangazo la uagizaji ni asilimia 2.5, 25,000, na tozo ya reli asilimia 2, 20,000. Jumla ni 1,002,500. Kodi imelipita gari lenyewe.

Hapo ndipo ukubwa wa injini unapokuwa uamuzi wa pesa wala si wa sifa. Toyota Mark X, mshindani mkubwa wa S4 kwa anayetaka sedani ya nguvu, ilikuja na V6 ya lita 2.5 na ya lita 3.5. Ile ndogo iko kwenye asilimia 25 ileile. Ile kubwa, kwa kuwa imepita sisi 3,000, inatozwa asilimia 35, na kodi ya thamani ya milioni moja inapanda hadi 1,159,100. S4 inatoa farasi 300 kwa lita mbili kwa msaada wa tabo, kwa hiyo inabaki kwenye daraja la chini. Kwa macho ya forodha, tabo ni punguzo la kodi.

Kulikagua lililoshuka melini

Gari likitoka mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada, na namba ya chesisi inatosha kuitafuta. Muuzaji asiyetaka kuionesha amejibu swali lako. Soma daraja kwanza: 4 au 4.5 ni la kutuliza, R maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kisha soma mchoro wa bodi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. S na C ni kutu, na kwa Mombasa hizo ndizo herufi za kuogopa. Gari lililoishi kwenye theluji na chumvi ya barabarani, likaletwa kulala kando ya bahari, limeanza safari ya pili ya ugonjwa uleule. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi, kisha na uchakavu wa usukani na pedali.

Kimakanika, S4 si Impreza iliyotiwa rangi mpya. Injini ya FA20 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli, na masizi hujijenga polepole. Uliza kama zimewahi kusafishwa. Gia ni ya CVT pekee, na mafuta yake yabadilishwe kwa ratiba, hata kama mtu atakuapia kuwa ni ya maisha yote. Liwashe injini ikiwa baridi, asubuhi, usiruhusu lipashwe kabla hujafika. Pia lipitishe kule litakakoishi: S4 ina upana wa milimita 1,795, kama sentimita 6.5 zaidi ya Impreza ya kwanza ya GD, na uwazi wa chini wa milimita 135 tu. Kwenye vichochoro vya Kibokoni na matuta ya mjini, vipimo hivyo vina maana kuliko farasi.

Karatasi, na pesa za kujazia

Hatari kubwa ya kubadilishana yadi ni kuacha gari na fomu bila uhamisho kukamilika. Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na hairuhusu gari lililouzwa litumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Likigonga mtu Nyali, utatafutwa wewe. Anzisha uhamisho kwenye mfumo wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) kupitia eCitizen, umtake mnunuzi akubali na kulipa mbele yako, ndipo utoe ufunguo. Kama Impreza iliwahi kubadilishwa injini, hakikisha namba mpya iko kwenye logibuku. Mnunuzi makini atailinganisha. Kwa gari unalolichukua, tafuta kwenye sajili ya dhamana ya mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, ujue kama kuna mkopo juu yake.

Kwa pesa za kujazia, wengi Mji wa Kale huchagua murabaha kuepuka riba. Benki, kwa mfano Gulf African iliyofungua milango 2008, hulinunua gari kwanza, likawa lake, ndipo ikuuzie kwa faida iliyotajwa tangu mwanzo. Muundo huo unahitaji muuzaji mmoja na bei moja iliyo wazi. Impreza yako haina mahali pa kuingia humo ila iwe imeshauzwa na kugeuka malipo ya mwanzo. Hata njia ya mkopo, basi, inakupeleka kwenye utaratibu uleule wa biashara mbili.

Utaratibu wenyewe, kwa mpangilio: pima bodi, pima injini, mtafute mpenzi, uza na uhamishe, kisha nenda kwa S4 ukiwa na taslimu na karatasi ya mnada mkononi. Kubadilishana moja kwa moja kunastahili katika hali mbili tu: kutu ikiwa imeshalitoa gari lako kwenye soko la wapenzi, au nyongeza ya yadi ikiwa imekaribia sana ile ambayo ungebaki nayo ukiuza mwenyewe. Nje ya hizo, anayeacha Impreza safi yadi anauza kwa bei ya gari la kawaida kitu ambacho bandari haiwezi kuleta tena.