Mchezo wa Zamani Katika Sanduku Jipya: Jee, Wafaa Kununuliwa?



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mwenye mvi na miaka sitini na kitu, ameshika kalamu kuandika habari za michezo ya video. Mimi mwenyewe nilistaajabu. Lakini swali lilinifuata mpaka mlangoni, na mwenye kuulizwa jambo asilolijua ana njia mbili: ama anyamaze, ama alitazame kwanza ndipo aseme. Wengi wetu tumezoea njia ya tatu, nayo ni kusema bila ya kutazama.

Kisa chenyewe ni hiki. Mimi ni mtu wa Tanga, ila kwa muda sasa nasomesha watoto huku Bulongwa, katika milima ya Makete, mkoa wa Njombe. Ninyi wa pwani hamuijui baridi ya huku. Mwezi wa Juni na Julai jua likishuka mtu hatoki nje ila kwa dharura, na watoto hujikusanya kwenye jiko la mkaa wakitafuta la kufanya. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka kumi na minne alikuja kunizuru. Alipanda basi mpaka Makambako, panapoachana njia ya Mbeya na ya Songea, akaendelea hadi akafika kwangu anatetemeka. Alivuna viazi katika shamba la jirani siku kumi na mbili, na siku aliyolipwa akanijia akasema: "Babu, nataka kununua gemu. Si hizi mpya, ni zile za zamani zinazotolewa tena. Jee, zina maana?"

Nilifungua kinywa niseme ni upuuzi. Kisha nikakumbuka kuwa fedha ile ni jasho la mtoto, na kuwa sijapata kushika gemu hata siku moja. Nikamwambia: "Hebu tutazame pamoja."

Basi tukaenda dukani. Palikuwa na kidude cha mkononi, rahisi, kimeandikwa juu yake kuwa kina michezo 400 ya zamani. Mtoto akasita, mimi, kwa kuona urahisi wa bei, nikamwambia chukua. Kosa hilo ni langu. Usiku ule tulikaa tukaihesabu michezo. Ya mwanzo ilikuwa kweli: palikuwa na Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, wa kupanga vipande vinavyoanguka mpaka mstari ujae. Walakin tulipoendelea, michezo ile ile ilianza kurudi kwa majina mengine, rangi imegeuzwa au umeanzia hatua ya mbele. Tulipofika mia ya pili tukaacha kuhesabu. Siku ya tisa betri ikafa. Tena nikaja kufahamu kuwa vidude vya namna hii aghlabu hunakiliwa bila ya idhini ya waliotunga michezo, wala hawapati hata senti. Muuzaji wetu hakuyajua hayo. Naye alinunua kwa katoni. Lakini uwongo ulioandikwa juu ya boksi ni uwongo, hata kama aliyelibeba ni mtu mwema.

Sasa tuitazame bidhaa ya halali, nayo ni ya namna tatu.

Ya kwanza ni mashine yenyewe kufanywa upya kwa umbo dogo. Mwaka 2016 kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa tena mashine yake ya miaka ya 1980, ndogo ya kukaa kiganjani, ndani yake michezo 30, miongoni mwao Super Mario Bros. ya 1985 na Pac-Man iliyozaliwa 1980. Bei yake Marekani ilikuwa dola 60. Sony wakafuata Desemba 2018 na PlayStation Classic, michezo 20 kwa dola 100. Hapa ndipo mnunuzi ajifunze. Katika michezo hiyo 20, tisa iliwekwa kwa nakala ya Ulaya, ambayo picha zake ni 50 kwa sekunde badala ya 60, na waliokuwa wakiijua waliona mara moja kuwa inakwenda kwa uzito. Walilalamika, na baada ya wiki chache bei ikashushwa. Sanduku zote mbili ni za zamani, zote ni za kampuni kubwa. Moja ilitengenezwa na watu walioiheshimu kazi yao, na nyingine ilitengenezwa kwa haraka. Jina la kampuni, basi, si dhamana.

Namna ya pili ni mchezo kupakwa rangi upya. Vijana wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam walioshinda kwenye vibanda vya gemu wanaijua Grand Theft Auto. Michezo yake mitatu, ya 2001, 2002 na 2004, iliuzwa tena kwa pamoja Novemba 2021 ikiitwa toleo la mwisho lililotimia. Ilitoka na kasoro nyingi, nyuso zimeharibika na mvua inaziba macho, hata kampuni ikaomba radhi hadharani na kuwarudishia wanunuzi wa kompyuta nakala za zamani. Na kasoro zote zingalirekebishwa, bado yaliyomo ni wizi wa magari na kuua watu njiani. Rangi mpya haisafishi maji machafu.

Namna ya tatu ndiyo yenye mtego. Hapa hupewi kitu mkononi. Unalipa, mchezo unashuka kwa intaneti. Mnunuzi hudhani amemiliki, kumbe aghlabu amepewa ruhusa tu ya kuutumia. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za 3DS na Wii U, na michezo mingi ya zamani iliyokuwa ikiuzwa humo haikununulika tena kwa njia hiyo. Jambo hili limewashughulisha hata watunga sheria: jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi Januari 2025, kumlazimisha muuzaji aseme wazi kuwa anachouza ni ruhusa, si mali. Sisi tuliosoma milango ya biashara katika vitabu vya fikihi hatuoni ugeni. Bidhaa ijulikane, na aibu yake isifichwe. Biashara ya gizani ina jina lake toka zamani, nalo ni gharari.

Utaniuliza: ikiwa mambo ni hayo, si bora kuiacha michezo ya zamani na kumpa mtoto ile ya bure iliyomo katika simu? Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo nilipogeuza rai yangu. Mchezo wa zamani ulio mzuri umekwisha. Aliyeutunga aliumaliza, ukalipa mara moja, ukacheza, ukashinda au ukashindwa, basi. Mingi ya bure imetungwa isiishe. Mlangoni hakuna kiingilio, lakini ndani kila hatua kuna mkono umenyooshwa: nunua nguvu, nunua nguo, nunua sanduku la bahati usilojua lina nini. Sanduku hizo za bahati Ubelgiji ilizihukumu kuwa ni kamari mwaka 2018, na kamari sisi hatuhitaji kungoja Ubelgiji itueleze. Sura ya al-Maida imetutosha. Mzazi anayemkatalia mtoto mchezo wa kulipiwa mara moja, kisha akampa simu yenye bando na mchezo wa bure, amekimbia mvua akaingia mtoni.

Kuna faida nyingine ya kutolewa upya. Uchunguzi wa Video Game History Foundation, uliotolewa 2023, ulionesha kuwa katika kila michezo 100 ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya 2010, 87 haiuzwi tena. Mwenye kuitaka hiyo hana mlango wa haki wa kupitia, na wanakili ndio wanaoneemeka. Kila mchezo mwema unaorudishwa sokoni kwa uaminifu humfungulia mnunuzi mlango huo.

Lakini sitaficha la upande wa pili. Alasiri moja nilikichukua kidude kile nicheze Tetris "kidogo tu." Niliposhtuka, Magharibi ilikuwa imekwisha ingia kitambo, na mjukuu wangu amesimama na birika la maji ya udhu akiningoja. Hakusema neno. Mchezo ule hauna damu wala matusi, na bado ulininyang'anya wakati wangu.

Na kwa watu wazima wanaonunua ili waupate utoto wao, nawaambia nililoliona. Miaka michache nyuma nilinunua bao zuri la mninga, mashimo 32 na kete 64, mfano wa lile tulilochezea na marehemu kaka yangu kibarazani. Nilipoliweka mbele yangu nikatambua kuwa nilichokitamani hakikuwa ubao, alikuwa ni yeye. Bao lile lilipata maana siku nilipomfundisha mjukuu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mchezo wa zamani uliotolewa tena wafaa kununuliwa kwa masharti manne: uwe wa asili, si wa kunakiliwa, yaliyomo yawe yanatazamika mbele ya wazee, uwe ni kitu unachokishika, au ujue wazi kuwa unanunua ruhusa, na uwepo wakati wa kuanza na wakati wa kuacha. Likikosekana moja, fedha ikae mfukoni.

Mjomba wake aliyeko Muscat ameahidi kumtafutia sanduku dogo la Nintendo, la asili. Nimekubali, kwa sharti la tano ambalo nimejiwekea mwenyewe: nitakapokwenda Tanga nitakaa naye ubavuni, nitazame anachokitazama. Fedha ya viazi iliyobaki amempa mama yake amwekee.

Wabillahi tawfiq.