Paul McCartney na Nyimbo za Uzeeni

Methali zetu mbili hugombana kila zikutanapo. Moja yasema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema kuwa ya kale ni dhahabu. Katika ulimwengu wa nyimbo, methali hizi zimegawana waimbaji. Mwimbaji kijana hupimwa kwa ile ya kwanza: wimbo wake hupendwa kwa kuwa umetoka jana. Mwimbaji mzee hupimwa kwa ile ya pili: hupendwa kwa nyimbo alizoziimba zamani, na akileta wimbo mpya watu humsikiliza kwa adabu, kisha humwomba arudie ule wa kale. Insha hii yakusudia kulichunguza jambo hilo kwa mfano wa mtu mmoja, Paul McCartney wa Uingereza, na kuuliza kama hukumu hiyo ya watu ni ya haki.

Paul McCartney alizaliwa mjini Liverpool tarehe 18 Juni, 1942. Yeye na wenzake watatu, John Lennon, George Harrison na Ringo Starr, walikuwa bendi iliyoitwa The Beatles, ambayo labda hakuna bendi ya roki iliyopata sifa kuishinda. Wimbo wao Love Me Do ulitoka mwaka 1962, na bendi ilivunjika mwaka 1970. Muda huo ni kama miaka minane tu. Katika miaka hiyo minane zilitoka Yesterday, Hey Jude na Let It Be, nyimbo ambazo hata mtu asiyejua Kiingereza huenda amezisikia. Baada ya hapo McCartney aliongoza bendi ya Wings, kisha akaendelea kutunga na kuimba kwa jina lake mwenyewe kwa zaidi ya nusu karne. Walakini ukimwambia mtu akutajie nyimbo zake kumi, yamkini nane au tisa zitatoka katika miaka ile minane. Pengine ataongeza moja ya albamu ya Band on the Run ya mwaka 1973, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa mjini Lagos, Nigeria. Akifika hapo, aghalabu ataishiwa.

Tazama sasa mfano mmoja ambao waonyesha ajabu ya jambo hili. Mwezi wa Juni, 1967, katika albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, McCartney aliimba wimbo uitwao When I'm Sixty-Four. Muziki wake alikuwa ameutunga alipokuwa bado kijana wa shule. Humo kijana ajiwazia amekuwa mzee wa miaka 64, na amwuliza mpenzi wake kama atamtunza wakati huo. Ni wimbo wa mzaha mwema. Klarineti zauchezesha, na uzee waonekana kama picha ya kadi ya salamu, yenye bustani na wajukuu. Mwimbaji alikuwa na miaka 24, na uzee ulikuwa mbali naye kama nchi asiyopata kuizuru.

Miaka 40 baadaye, mwezi wa Juni, 2007, alitoa albamu ya Memory Almost Full. Siku ilipotoka alikuwa na miaka 64, umri uleule alioutania. Nyimbo za mwisho za albamu hiyo zimefungamana, na zaangalia nyuma hadi utotoni. Mmoja wao, The End of the End, wazungumza juu ya siku ya kifo chake mwenyewe. Katika wimbo huo mzee hajililii. Ataka siku hiyo watu wataniane na wasimulie hadithi za zamani, wala haoni sababu ya huzuni. Piano yaenda polepole. Sauti si nyororo kama ilivyokuwa. Na katikati, mahali ambapo tungetazamia gitaa lipasue kwa nguvu, yeye apiga mluzi tu, kama mtu anayetembea peke yake jioni. Kijana aliusawiri uzee kwa kubuni; mzee ameueleza kwa kuujua. Lakini wimbo wa yule kijana wajulikana dunia nzima, na wimbo wa huyu mzee wajulikana na wafuasi wake tu.

Mtu aweza kujibu upesi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama nyimbo mpya zingekuwa njema, zingependwa zenyewe. Jibu hili lina ukweli kidogo, nasi tutaurudia, lakini halitoshi. Zipo sababu nyingine ambazo hazihusu ubora wa nyimbo hata chembe.

Sababu ya kwanza ni asili ya muziki wenyewe. Roki ilizaliwa kuwa muziki wa vijana. Ilikua katika miaka ya 1950, na tangu mwanzo iliwaambia wasikilizaji wake kwamba ujana ndio utu uliokamilika. Katika sanaa nyingine mambo si hivyo. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake, na wasomaji wa pwani hawakusema, "Mama huyu amepitwa na wakati." Waliupokea kwa kuwa ni neno la mtu aliyeona mengi. Verdi wa Italia alikuwa karibu kutimiza miaka 80 opera yake ya Falstaff ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1893, na watu wakaishangilia. Basi uzee wenyewe haumfungii msanii mlango. Roki ndiyo iliyojenga nyumba isiyo na chumba cha wazee, na sasa waliojenga wamezeeka ndani yake.

Sababu ya pili ni moyo wa msikilizaji. Wimbo unaopendwa ujanani haubaki kuwa wimbo tu. Hushikamana na rafiki wa kwanza, na safari ya kwanza, na nyumba ambayo sasa imekwisha uzwa. Mtu mzima auombapo wimbo wa mwaka 1968, si muziki peke yake anaoutaka. Ataka arudishiwe siku zake. Wimbo mpya, hata uwe mzuri namna gani, hauna la kumrudishia. Nao vijana wa leo wana waimbaji wa rika lao wa kuwawekea kumbukumbu zao. Hivyo wimbo mpya wa mzee huja duniani ukiwa yatima: wazee wenzake wautaka ule wa zamani, na vijana hawakuambiwa kuwa umezaliwa.

Sababu ya tatu ni njia za kuufikisha wimbo kwa watu. Stesheni za redio hupenda kugawa wasikilizaji kwa umri. Ile ya vijana husema mzee si wetu; ile ya wazee hupiga nyimbo za zamani tu, kwa kuwa ndizo zinazojulikana. Wimbo mpya wa McCartney hauna pa kukaa katika zote mbili. Tena siku hizi za intaneti nyimbo zote, za kale na za sasa, zimewekwa juu ya rafu moja, na gharama yake ni ileile. Zamani duka liliweza kuishiwa na santuri ya kale, na mnunuzi akachukua mpya. Leo Hey Jude haiishi dukani kamwe. Wimbo mpya wa mzee lazima ushindane kila siku na nyimbo bora alizozitunga maishani mwake. Hakuna mwimbaji kijana aliyebebeshwa mzigo kama huo.

Sababu ya nne ni mwimbaji mwenyewe. Tarehe 25 Juni, 2022, wiki moja baada ya kutimiza miaka 80, McCartney aliimba katika tamasha la Glastonbury nchini Uingereza kwa muda wa karibu saa tatu. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha kwa mtu wa umri huo. Lakini nyimbo nyingi alizoimba zilikuwa za Beatles na za Wings. Zile za karibuni zilikuwa chache. Yeye hafichi sababu yake. Amepata kueleza katika mahojiano kwamba aanzapo wimbo wa Beatles, simu za wasikilizaji huwaka kama nyota za mbinguni, na aanzapo wimbo mpya uwanja huwa giza. Mtu aliyelipa fedha nyingi kwa tikiti moja hataki kufundishwa wimbo asioujua, naye mwimbaji hataki kumhuzunisha mgeni wake. Kwa hiyo huwapa walichokitaka. Na kila awapapo, huwazoeza kutaka hicho tu.

Sasa na tuurudie ule ukweli kidogo wa methali. Mhakiki hana ruhusa ya kuvisifu vyote kwa sababu anamwonea mtu huruma. Sauti ya McCartney imepungua. Noti za juu alizozifikia bila taabu mwaka 1965 sasa huzifikia kwa shida. Tena mara nyingine hujaribu kuvaa nguo za wajukuu zake. Katika albamu ya Egypt Station ya mwaka 2018 upo wimbo Fuh You, uliotengenezwa kwa mtindo wa redio za vijana, na jina lake lacheza na tusi. Wimbo huo wachangamka, lakini hauna lolote ambalo kijana wa miaka 20 asingeweza kulifanya vizuri zaidi. Mahali pa nguvu yake ni pengine. Ni pale anaposema yale ambayo kijana hawezi kuyasema. Ndivyo alivyofanya katika The End of the End, na pia katika Jenny Wren ya mwaka 2005, ambamo gitaa moja laongozana na duduk, zumari ya Waarmenia yenye sauti ya majonzi. Kosa la umma basi si kukataa nyimbo mbaya. Kosa lake ni kutozitenga zilizo nzuri na zilizo mbaya, na kuziacha zote pamoja bila kuzisikiliza.

Huenda msomaji akapinga hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: Je, Egypt Station haikushika nafasi ya kwanza Marekani, jambo ambalo McCartney hakulipata huko kwa albamu yake tangu mwaka 1982? Na McCartney III, aliyoirekodi mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, akipiga mwenyewe karibu ala zote, haikufika juu kabisa Uingereza? Ni kweli. Lakini kununuliwa si kusikilizwa. Egypt Station ilikaa kileleni wiki moja tu, na mauzo yake yalisaidiwa na mpango wa kuunganisha albamu na tikiti za maonyesho. Wafuasi waaminifu walinunua siku za kwanza, kama jamaa wahudhuriavyo sherehe ya mzee wao. Kisha mji ukaendelea na shughuli zake. Jiulize ni watu wangapi nje ya ukoo huo wawezao kuimba japo mstari mmoja wa albamu hizo.

Tena upo ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 2023 ulitolewa wimbo Now and Then. John Lennon alikuwa ameuimba nyumbani kwake katika miaka ya 1970, na kompyuta ikaitenga sauti yake na kelele za kanda. McCartney na Ringo Starr waliukamilisha uzeeni, na gitaa la marehemu George Harrison, lililorekodiwa mwaka 1995, likatiwa ndani. Ulitolewa kwa jina la Beatles, nao ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Mzee ni yuleyule, mikono ni ileile, na umri ni zaidi ya miaka 80. Tofauti kubwa ni jina lililoandikwa juu ya mlango, pamoja na sauti ya rafiki aliyefariki. Hapa twaona kuwa watu hawakukikataa kipya cha mzee. Walikipokea kwa furaha, mradi kije kimevaa nguo za zamani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Watu hawamdhulumu McCartney fedha wala heshima. Hivyo anavyo tele. Wamnyima kitu kimoja tu, nacho ni ruhusa ya kuzeeka mbele yao. Wamemgeuza sanamu ya kijana wa mwaka 1965, na sanamu haitarajiwi kusema neno jipya. Hasara ya jambo hilo si yake peke yake. Roki imetuimbia mengi sana juu ya mapenzi ya kwanza, na machache sana juu ya kukumbuka, kufiwa na kujiandaa kuondoka. Wapo waimbaji waliofika umri wa kutuambia hayo, na baadhi yao wametuambia. Sisi tulikuwa tukiwapigia kelele waimbe ile ya zamani.

Wewe msomaji kijana huna kumbukumbu za mwaka 1968 za kukuziba masikio, na katika jambo hili wawashinda babu zako. Sikiliza When I'm Sixty-Four, kisha bila kukawia usikilize The End of the End. Usiulize upi ni maarufu. Uliza upi umesema kweli juu ya uzee, na kwa njia gani, kisha uandike hukumu yako mwenyewe.