Misimu Isiyopita na Msimu: Kibarua, Manamba, Korona

Wataalamu wa lugha wamezoea kuyagawa maneno mapya mafungu mawili. Istilahi hutungwa vikaoni, hupewa idhini, kisha huchapwa. Misimu huzuka vijiweni, na kwa jina lake lenyewe hudhaniwa kuwa ni ya kupita, kama kaskazi na kusi. Mgawanyo huu unasomesheka vizuri darasani. Ukipelekwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge yaliyotandaa chini ya milima ya Usambara, na huko Mashewa ambako habari za mashamba hayo si ngeni, hausimami hata siku moja.

Lianze lile lililo kongwe, ambalo watu wa Visiwani hawahitaji kufundishwa. Kibarua kilikuwa barua ndogo, cheti cha kazi ya siku. Katika Unguja ya karne ya 19 aliyekishika cheti hicho, mara nyingi mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, naye akaitwa kibarua. Karatasi ilimmeza mtu. Hata hivyo sarufi ilimtetea: hapana asemaye “kibarua kimekuja”, akikusudia mtu, husemwa “kibarua amekuja”. Jina ni la kitu, upatanisho ni wa binadamu. Leo neno hili halihesabiwi na yeyote kuwa ni la mitaani, ingawa lilizaliwa kwa njia ile ile yanayozaliwa yale yanayokatazwa shuleni.

Manamba ni ndugu yake wa bara. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyosalia hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. (Jina la mmea huo, kwa taarifa ya wapenda vikao, halikutungwa na kikao: watu wa pwani walikuwa na mmea wao wa mwituni wenye nyuzi walioujua kwa jina la mkonge, wakampa mgeni jina la mwenyeji.) Mashamba yalipopanuka mikono ilipungua. Wenyeji wengi wa Usambara na Uzigua walipendelea kulima vyao, au kushika kibarua cha siku chache na kurudi nyumbani. Basi wakaletwa watu wa mbali, kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji, kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, na daftari likamjua kwa namba hiyo kabla ya kumjua kwa jina alilopewa na mamaye. Ofisi ya waajiri iliyowatafuta, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilijulikana kwa kifupi kama SILABU. Mshairi hana budi kutabasamu kwa uchungu, kwani silabu ndiyo mizani ya ubeti. Huko waliohesabiwa ni watu.

Tazama umbo la neno lenyewe. Karani mmoja, makarani wengi. Kuli mmoja, makuli wengi. Lakini mtu mmoja wa mkataba haitwi “namba”. Yeye peke yake ni manamba, na wenzake mia ni manamba. Neno halina umoja. Aliyeingia katika neno hili aliingia kundini, na lugha haikumwachia mlango wa kutokea peke yake. Baadaye likawa tusi dogo la mwenyeji kwa mtu wa kuja, na kule Nairobi likaangukia waita abiria wa matatu, mbali kabisa na shamba lolote. Kamusi inayotosheka kusema kwamba manamba ni mfanyakazi wa mkataba shambani haikukosea. Imetoa maana ya daftari na kuiacha maana ya waliomo daftarini. Huu ndio upungufu mkubwa wa ufafanuzi wa maneno ya kazi: hutwaa ulimi wa mwajiri na kuuita usanifu.

La ajabu zaidi ni korona. Mashine ya kuparua majani ya mkonge na kutoa nyuzi ilikuja na jina la kiwandani, Corona, nalo likageuka Kiswahili bila ya kuomba ruhusa. Hata sasa waandishi wa habari za mkonge hutaja korona wakikusudia mtambo. Kisha mwaka 2020 neno likavamiwa na ugonjwa. Wataalamu wakatoa UVIKO-19, istilahi iliyoungwa kwa utaratibu mzuri, nayo ikakaa kwenye mabango na matangazo ya serikali. Sokoni likabaki korona. Mtu wa Korogwe akawa na korona mbili, ya kuchanua nyuzi na ya kukata pumzi, na muktadha ukamtosha kuzitenganisha.

Wapo washairi wasemao kwamba maneno ya namna hii yanalichafua shairi. Hoja hiyo haina nguvu mbele ya masikio. Manamba ni mizani tatu kamili, na kina chake, mba, kinaita shamba, kinaita kamba, yaani mahali alipofanya kazi na kitu alichokuwa akikitoa jasho. Lugha imekwisha kuyapanga yote matatu mlangoni, wala mtunzi hakuhitaji kuyasaka. Wakati huo huo katani, lenye asili ya Kiarabu, linapita katika beti bila ya kuulizwa cheti, kwa sababu tu lilitangulia kufika. Huo ni upendeleo wa umri, nao umevaa kilemba cha usafi.

Na mtambo wa kuzalisha maneno haya haujasimama. Dar es Salaam, tangu zama za daladala, lenye jina lililotokana na dala, sarafu ya shilingi tano, yupo deiwaka: dereva au kondakta asiye na gari lake maalumu, ashikaye usukani au nauli kwa siku moja ili mwenziwe apumzike. Hana mkataba, na jina lake ni la siku. Ni kibarua yule yule, safari hii bila hata ya karatasi, na kamusi nyingi bado humweka nje, zikingoja msimu wake upite.