LaGuardia Si JFK

Tiketi ile mliiona. Toronto hadi LaGuardia, JFK hadi Nairobi, saa tatu katikati ya viwanja hivyo viwili vya New York, tiketi mbili zisizojuana. Baadhi yenu hapa Brampton mliifuatilia ndege kwenye simu, mkaiona inaingia Atlantiki bila shangazi yangu ndani. Wakala aliyeikata alikosea, na simwonei.

Najua alivyopiga hesabu, maana kwa kilomita hesabu inapendeza. Kutoka Pearson, Toronto, hadi JKIA, Nairobi, kwa njia fupi kabisa ya angani, ni kama kilomita 12,200. Ukipitia New York unaongeza 200 hivi. Amsterdam au Addis Ababa, karibu 450. Dubai, kama 2,400. Akaona New York ndiyo fupi, akakata. Nimelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi: abiria hasafiri kwa rula!

Tazameni zile saa tatu zilivyoliwa. Ukaguzi wa uhamiaji wa Marekani humalizwa Pearson kabla ya kupanda, ndiyo sababu ndege za Toronto hutua LaGuardia, uwanja usiopokea abiria wa kukaguliwa. Hapo sawa. Lakini tiketi zikiwa mbili, begi halijui kama safari inaendelea. Ndege yenyewe ilichelewa nusu saa. Shangazi akasimama kwenye mkanda kungoja masanduku mawili ya kilo 23, moja amelizungushia leso ya bluu lisipasuke. Dakika 40. Kisha foleni ya teksi. Kisha barabara ya Van Wyck, na aliyewahi kukwama Van Wyck hahitaji kuelezwa. Alipofika JFK kaunta imefungwa, wafanyakazi wanakunja kamba za foleni.

Kenya Airways, iliyomwacha, haina lawama. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Dreamliner yao huvuka kilomita 11,840 kutoka JFK bila kutua, saa 14 hivi kwenda Nairobi na kama 15 kurudi, upepo ukiwa usoni.

Wakala wa zamani asingekata tiketi ile. Nawazungumzia wale walioandika kwa mkono, karatasi ina kaboni nyekundu nyuma, waliojifunza kazi enzi za East African Airways, kabla haijafa mwaka 1977. Walizijua ndege za VC10, zilizoundwa kwa viwanja vya joto na miinuko kama Nairobi, na walijua ndege nzuri haimsaidii abiria aliye uwanja mwingine. Swali lao la kwanza lilikuwa: unashukia wapi, na unapandia wapi?

Ingekuwa Amsterdam, tiketi moja, lebo ya NBO, yaani Nairobi, ifungwe kwenye masanduku pale pale Pearson.

Shangazi alifika siku mbili baadaye. Yeye ndiye aliyetumwa kuzungumza kwa niaba ya upande wetu kwenye mahari. Alikuta hema limeshashushwa.